Mabomba Yasiyochomelewa

Machi 9
Wamenihamishia kitanda cha mwisho, karibu na dirisha linalotazama mashamba ya chai ya Boito. Fancy, muuguzi wetu, anasema hapa nitapata mwanga wa kuandikia. Mimi nashuku kwamba kitanda hiki ni cha wale ambao hawatarudi nyumbani. Sikumuuliza. Daktari ameshasema moyo wangu umechoka, na miguu imevimba hata ndara haziingii. Lakini macho ni mazima na akili ni nzima. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nitaandika ninachokiona mpaka mkono ukatae.

Machi 12
Mvua tangu adhuhuri. Hakuna jipya.

Machi 14
Watu wa mabomba wamefika. Hospitali yetu ya kanisa imepata wafadhili wa kutuletea joto. Boila ya kuni iliyo nyuma ya jikoni itachemsha maji, maji yatazunguka katika mabomba ukutani mwa wodi, kisha yatarudi boilani. Mabomba mengine yatapeleka maji baridi kutoka kwenye mtambo wa kupoza mpaka chumba cha upasuaji na stoo ya dawa. Wazo lenyewe ni zuri. Mwezi wa saba baridi ya huku huingia mpaka kwenye meno.

Mkandarasi anaitwa Zacheus, mtu wa Londiani, mwenye koti la ngozi na simu mbili. Alisalimia wodi yetu nzima ya wazee, wake kwa waume, kwa mkupuo mmoja kama mtu anayefunga mlango. Nilimwuliza watachomelea saa ngapi, maana moshi wa kuchomelea utatumaliza.

"Hatuchomelei, Mama."

"Sasa mtaunganisha na nini? Mate?"

Fundi wake, Okemwa, kijana mcheshi wa Kisii mwenye pengo mbele, aliangua kicheko. Zacheus hakucheka. Alichukua nusu mbili za chuma zilizopinda kama taya, na pete nene ya mpira mweusi, akanionyesha kama anayemfundisha mtoto.

"Mwisho wa kila paipu tunachora mtaro mdogo kuzunguka. Paipu mbili zinakutana, mpira unafunika pale zinapokutana, taya hizi zinauma kwenye mitaro, tunakaza bolti mbili, kwisha. Hii inaitwa kapling. Humu kuna wagonjwa na mitungi ya oksijeni. Mimi siwashi moto humu."

Jibu zuri. Lilikuwa tayari kabla sijauliza, na hilo ndilo lililonishtua. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mvuke katika kiwanda cha chai, na hakuna bomba lake ambalo halikuchomelewa. Mpira na bolti mbili! Nani amebania pesa hapo?

Machi 19
Leo nimemwona Zacheus kupitia dirishani akipakia makasha ya kapling kwenye pikapu yake, mvua ikimnyeshea. Makasha yaliyoingia hapa, sasa yanatoka. Alipoona pazia langu limesogea aliharakisha. Au nilidhani aliharakisha.

Jioni mwanangu Eugene alikuja na uji. Yeye yuko kwenye kamati ya hospitali. Nilimwambia aweke macho wazi.

"Mama, huyo amefanya kazi mahospitali mengi."

"Na mangapi yamemrudisha?"

Eugene alikoroga uji ambao tayari ulikuwa umekorogwa. Najua mwanangu anapoacha kubishana: jambo limeingia.

Machi 20
Okemwa anasema yale makasha yalikuwa ya saizi isiyo sawa, yamerudishwa dukani Nakuru. Labda. Okemwa angesema chochote bosi wake alichomtuma aseme.

Machi 27
Bomba letu limefika. Linapita kando ya kitanda changu usawa wa mto, linapanda juu, linatoboa ukuta kuingia kwenye korido, na kutoka huko linaenda chumba cha akina mama waliojifungua. Kiungo kimoja kiko karibu kiasi kwamba naweza kukigusa nikinyoosha mkono.

Wakati mafundi wamekwenda kunywa chai nililisukuma bomba kwa fimbo yangu. Likacheza! Bomba linalocheza!

Okemwa aliporudi nilimwambia. "Shosho, lazima icheze," akasema. Ananiita shosho, yaani nyanya, kama vile mimi ni Mkikuyu, ingawa anajua nimetoka upande wa ziwa. "Ikipata moto paipu inarefuka. Sasa ikikosa mahali pa kwenda?"

"Usinifundishe kutanuka kwa metali. Nilikuwa nafundisha hayo kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi tumekubaliana, Shosho."

Tumekubaliana kwa nadharia. Lakini kitu kinachocheza kwa makusudi na kitu kinachocheza kwa uzembe vinacheza sawasawa. Nitajuaje ni kipi?

Aprili 2
Mvua. Baridi. Kikohozi.

Aprili 8
Mvua haijakatika tangu Jumapili, na barabara ya upande wa Londiani imemezwa na matope. Kazi imesimama. Okemwa amekaa juu ya ndoo kwenye korido akipiga miluzi. Niliuliza tunangoja nini.

"Mafuta ya mpira, Shosho. Lazima mpira upakwe ndio uingie bila kukunjika. Yameisha. Bosi anakuja nayo."

"Bosi wako amekwama kwenye matope, au amekwama kwa mke wa pili?"

Alicheka mpaka Fancy akachungulia. Lakini mimi nilikuwa nikitetemeka chini ya blanketi tatu, na nilikwisha kuamua kwamba Zacheus anachelewesha kazi kwa sababu zake mwenyewe. Kwenye kabati langu kuna kopo la mafuta ya kukamulia, lile lenye picha ya ng'ombe, ambalo kila nyumba ya huku inalo. Nyumbani tunampaka ng'ombe chuchu, na mimi hupaka nyayo zangu zilizopasuka. Nikampa.

"Paka haya."

"Bosi alisema tungoje yale yake."

"Mpira ni mpira, Okemwa. Ng'ombe wangu hajawahi kulalamika. Au unataka wazee tufe kwa baridi tukimngoja tajiri wako?"

Alikuna kichwa, akatazama mvua, akalichukua. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amefunga viungo vyote vya korido na vya chumba cha akina mama. Alinirudishia kopo likiwa tupu. Nikamwambia ndivyo kazi inavyofanywa. Nimelala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nije hapa.

Aprili 10
Zacheus amefika, matope mpaka magotini. Akakuta kazi imekwisha. Nilimsikia kwenye korido akiuliza, "Umepaka nini?"

"Ile iliyokuwa imebaki, bosi."

"Si ulisema imeisha?"

"Nilikwangua, bosi."

Okemwa alipopita mlangoni alinikonyeza. Nikanyamaza. Nilikuwa kama mwanafunzi wa kike anayemficha mwenzake aliyeruka ua.

Aprili 22
Boila imewashwa! Sista Celine, mkuu wa hospitali, amesali, kisha akafungua valvu. Kwa muda hakukuwa na kitu, baadaye bomba likaanza kugongagonga taratibu, na ukuta ukapata joto. Mzee wa kitanda cha pili alivua kofia. Nimeweka mkono kwenye bomba mpaka ukaniunguza kidogo.

Aprili 30
Joto. Usingizi.

Mei 6
Mvua ya mawe imepiga chai. Fancy alikuja kazini macho mekundu. Shamba la mama yake limebaki vijiti.

Mei 18
Kiungo cha korido kinavuja. Tone, kimya, tone. Nyakerario, mama wa usafi, ameweka beseni chini yake.

Nilimpigia Eugene simu kabla hata ya kumwambia Fancy. Nilimwambia vile viungo ni bandia, na kwamba yale makasha ya mwezi wa tatu yalikuwa halisi, yakatolewa, yakaletwa ya bei rahisi. Nilisema kana kwamba nilikuwa ndani ya ile pikapu. Eugene akauliza, "Una hakika, Mama?" Nikasema, "Nimefundisha watu wangapi kwenye kamati yenu? Waambie Mwalimu ameona."

Mei 20
Zacheus alikuja, akatazama kiungo, akakaza bolti ambazo anasema hazikuhitaji kukazwa. Alionekana ametatizika. Mwizi anayeona kazi yake inafichuka naye huonekana hivyo.

Mei 23
Eugene anasema kamati imeanza kuuliza maswali. Mmoja wao amesema, "Hawa watu wa Londiani." Mwingine akaongeza, "Wanakuja, wanavuna, wanakwenda." Mimi, niliyekuja huku kama mke wa mfanyakazi wa kiwanda na niliyeitwa mtu wa kuja kwa miaka mingi, nilisikia maneno hayo na sikumwambia mwanangu ayakatae. Nililala nayo vizuri.

Mei 29
Lazima niandike leo.

Asubuhi baridi ilikuwa kali, wakaongeza kuni. Nyakerario alikuwa akipiga deki kwenye korido na kunitania kupitia mlangoni. "Mwalimu, leo utaamka tucheze ama bado unajifanya mgonjwa?" Nilikuwa nikitafuta jibu la kumchokoza. Kisha nilisikia kitu kama mtu mkubwa anayepiga chafya, na baada yake sauti ya Nyakerario ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima.

Kupitia mlangoni niliona mpira wa kile kiungo kinachovuja umetokeza nje ya taya kama ulimi. Maji ya moto yakaruka kutoka hapo na kumpata begani na mkononi. Fancy alimvuta mpaka bafuni na kummwagia maji baridi, huku akimwambia kwa Kipsigis maneno ambayo Nyakerario haelewi, na bado yakamtuliza. Mtu alikimbia kufunga valvu. Mvuke ulijaa korido na kuingia kwetu, tukawa hatuonani. Mzee wa kitanda cha pili aliimba wimbo wa mazishi. Nilitaka kuinuka. Miguu yangu ilining'inia kitandani kama ya mtu mwingine.

Zacheus alifika saa sita. Alisimama chini ya kile kiungo, akautoa mpira kwa koleo, akaubinya kwa vidole, kisha akaunusa. Akaunusa tena. Akageuka na kutazama wodini mwetu, kitanda hadi kitanda, na macho yake yakapita juu yangu bila kusimama.

Alasiri hiyo hiyo kamati imemwondoa kazini. Vifaa vyake vimefungiwa stoo. Mwenyekiti, niliyemfundisha kidato cha pili na tatu, ametuma salamu: "Mwambieni Mwalimu tungemsikiliza mapema."

Nyakerario ameungua vibaya lakini ataishi. Hilo nimeliuliza mara nyingi mpaka Fancy amechoka kunijibu.

Mei 31
Wamemleta fundi wa mabomba mwingine. Amebadilisha kiungo kilichopasuka, hicho kimoja tu. Boila inawaka tena.

Juni 2
Zacheus amekuja kuchukua koti lake. Fancy alimruhusu dakika chache. Akavuta kiti cha wageni, akakaa karibu nami bila kukaribishwa.

"Mama, mpira wa kapling hii hauharibiwi na maji, hata yakichemka. Unaharibiwa na mafuta. Si mafuta yote. Yale yanayotokana na petroli: grisi, dizeli, mafuta ya kujipaka. Unayapaka leo, unavimba kidogo kidogo, unalainika, halafu siku moja moto ukipanda, unatoka. Ule ulikuwa umevimba kama mguu wako."

Sikuyapenda maneno hayo, na nadhani hakukusudia niyapende.

"Nimemwuliza Okemwa. Anasema hajui. Amerudi kwao, simu amezima. Wewe unakaa hapa kutwa nzima ukituangalia. Nimeona pazia. Umeona nini?"

"Sikuona kitu," nikasema.

 Akasema, "Sawa, Mama," akachukua koti.

Alipotoka nilimwomba Fancy anipe lile kopo tupu, sasa naweka sindano na nyuzi humo. Nilivaa miwani. Chini ya picha ya ng'ombe kuna maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma, maana nani husoma kopo la mafuta ya ng'ombe? Yanasema kwamba mafuta hayo yametokana na petroli.

Juni 3
Labda Zacheus alijua. Labda aliliona kopo kwenye kabati, akaitunga ile hadithi ya mafuta ili kunifunga mdomo. Watu wajanja hufanya hivyo.

Juni 4
Hapana. Mpira ulikuwa umevimba na kutokeza kabla hajafika. Niliuona mwenyewe.

Juni 6
Nimeandika na kufuta. Nikisema, Eugene ataaibika mbele ya kamati, yeye aliyelibeba neno langu. Nikisema, Okemwa atapoteza kazi kwa sababu alimtii kikongwe. Nikisema, wote niliowahi kuwafundisha watajua Mwalimu alipaka mafuta ya ng'ombe kwenye mpira, akamsingizia mtu, na mwanamke akaungua. Na kiungo chenyewe kimebadilishwa. Kwa hiyo kusema kutamsaidia nani? Nilijiuliza hivyo nikajijibu hivyo, na jibu likanipendeza.

Juni 9
Usiniulize. Mvua.

Juni 12
Nyakerario amerudi kazini, mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Anafagia kwa mkono wa kushoto kwa sababu kibarua kisichokuja hakilipwi. Alikuja kunisalimia kwanza.

"Uliniona vile nilirukaruka, Mwalimu? Nilikushinda kucheza."

Sikuweza kucheka. Akainama kuokota karatasi, akasema bila hata kunitazama, "Kule kwa akina mama nako kumeanza kuvuja. Yule fundi mpya alikaza jana. Leo nimeweka beseni."

Hapo niliona kila kitu kwa mkupuo mmoja. Okemwa alilimaliza kopo lote. Alipaka viungo vya korido, na vya chumba cha akina mama vyote, na kitanda cha Metrine, yule aliyejifungua juma lililopita, kiko chini kabisa ya bomba. Nimemsikia mtoto wake kupitia ukuta kila asubuhi. Na ningeendelea kumsikia mpaka siku mpira wa pili utakapotoka.

"Mwite Sista Celine," nikasema.

"Yuko kwenye sala."

"Mkatishe!"

Sista alikuja akidhani nakata roho. Nilimwambia, "Zima boila kwanza, halafu nitakueleza." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeharibu viungo. Nilimpa Okemwa mafuta ya kukamulia apake. Alitaka kungoja, mimi nikamlazimisha. Vingine viko juu ya watoto."

Hakunilaumu wala hakunifariji. Alikusanya kanzu yake kwa mikono miwili akakimbia. Sijawahi kumwona mtawa akikimbia. Muda mfupi baadaye bomba lililo karibu nami lilianza kupoa chini ya kiganja changu, na nikasikia vitanda vya akina mama vikisukumwa.

Nyakerario alikuwa bado amesimama pale na ufagio wake. Nilikuwa nimesahau kwamba alisikia.

"Nyakerario," nikaanza.

"Wacha kwanza," akasema. "Wacha nifagie."

Juni 13
Sista amempigia Zacheus simu, naye Zacheus amekuja na kupewa ufunguo wa stoo. Amefungua viungo vya chumba cha akina mama. Kisha akaja kitandani kwangu na kuweka pete mbili juu ya blanketi, moja mpya, nyingine iliyotoka kwenye bomba. Ile ya zamani ilikuwa nene na laini, na kidole kikiibonyeza kinaacha alama. Haikuhitaji maelezo.

"Mlipaka kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Kuanzia mlango wa korido mpaka dirisha la mwisho la akina mama."

"Hiki cha kwako?"

"Hapana. Hicho kilifungwa kabla."

"Stoo ya dawa?"

"Sijui. Nafikiri hapana. Mwulize Okemwa, mwambie nimesema."

Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Aliposimama alisema, "Mama, haya unayoniambia mimi hayanisaidii. Kamati ndiyo ilinifukuza. Na usimtume mwanao. Ulimtuma mara ya kwanza."

Bado simpendi huyu mtu. Naandika hivyo kwa sababu naandika kweli. Nilitumaini kwamba nikishasema ukweli atageuka na kuwa mtu wa kupendeka, ili aibu yangu ipate mahali pa kupumzikia. Hakugeuka. Ana kiburi, na ana haki.

Juni 14
Eugene alikuja. Hakukaa. "Mama, kwa nini hukuniambia mimi kwanza?" Kisha, akishika mlango, "Wananisema kwamba nilitaka Zacheus aondoke nimpe kazi rafiki yangu." Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Niliona jinsi shuku yangu ilivyokwenda kuzaa nyingine.

Juni 17
Kamati ilikutana kanisani. Fancy alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mpaka kidevuni. Zacheus alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Nyakerario aliitwa kwa sababu ya malipo ya matibabu, naye alikaa mbele na bandeji yake.

Nilisema yote. Kopo, Okemwa, mvua, simu yangu kwa Eugene, "sikuona kitu." Sikuacha lolote. Nilipomaliza nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Walikuwa wakitazamana kwa huruma.

Mwenyekiti alikohoa. "Mwalimu, tunakushukuru. Wewe ni mama yetu sote hapa. Lakini umekuwa mgonjwa, dawa ni kali, na pengine mtu amekuja kitandani kwako akakutia maneno mdomoni." Macho yake yakaenda nyuma, kwa Zacheus.

Mwingine akadakia. "Ni moyo mzuri wa Mwalimu. Anataka kubeba lawama ya mtu mwingine."

Hata Eugene aliinama akaninong'oneza, "Mama, umechoka. Twende ukalale."

Walikuwa wamemshuku mtu kwa kauli yangu, na sasa walimpenda sana mshukiwa wao kiasi kwamba hawakutaka kumwachia. Nikaelewa, kwa sababu nami nilikuwa hivyo.

"Nilipomshtaki Zacheus," nikasema, "nilikuwa mgonjwa huyu huyu, kitandani pale pale, na dawa hizi hizi. Nani kati yenu aliuliza kama nimechoka?"

Mwenyekiti alitazama meza.

"Wewe nilikufundisha. Jaribio likienda vibaya, nilisema ufanye nini?"

 Aliyejibu ni Nyakerario, ambaye hakusomeshwa nami wala na mtu yeyote wa pale.

"Mimi ndiye niliyeungua," akasema. "Mwalimu amesema ni yeye. Mimi nimemsikia akisema siku ile, kabla Zacheus hajaitwa. Nimemkasirikia tangu hiyo siku. Sasa nyinyi mnataka kuniambia nimemkasirikia bure?"

Mtu mmoja alicheka, akakatisha. Sista Celine alimgeukia katibu. "Andika. Andika kama alivyosema, usipunguze." Katibu akaandika, kama nilivyowafundisha waandike jaribio likiharibika.

Wamemrudisha Zacheus. Hawakumwomba msamaha. Walisema "suala limefafanuka." Mwenyekiti alipitia mlango mwingine asinisalimie.

Juni 19
Siwezi kukaa. Fancy ananiandikia mstari huu: Mwalimu amekunywa uji kidogo.

Juni 21
Ni afadhali leo. Nyakerario amenibadilishia shuka kwa mkono mmoja. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Hakusema zaidi ya hapo na sikuomba zaidi.

Juni 24
Zacheus amekuja na Okemwa. Mipira yote ya korido na ya akina mama imetolewa, mipya imeingia, imepakwa yale mafuta yake ya chupa nyeupe, ambayo nimeomba kuyanusa. Yananuka kama sabuni. Okemwa hakuniita shosho leo. Aliniita Mwalimu, na ikaniuma. Zacheus alimrudisha kazini baada ya kumkaripia kwa maneno ambayo niliyasikia kupitia ukuta na ambayo siwezi kuyaandika.

Walipokaribia kumaliza, Zacheus alifungua kiungo cha karibu na mto wangu pia, ingawa kilikuwa kizuri. Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu wewe ndiye uliyesema ni kizuri."

Nilistahili. Alifuta mitaro, akaupachika mpira mpya, akazirudisha taya, akakaza bolti moja kidogo, nyingine kidogo, akirudi huku na huku kwa zamu. Kisha akauchukua mkono wangu bila kuuliza, akaweka kidole changu pale nusu mbili za chuma zinapokutana kando ya bolti.

"Hapa ndipo pa kuangalia. Si lazima uniamini. Chuma kikigusana na chuma pande zote mbili, imeshika. Kukiwa na nafasi, niite."

"Nikupigie simu wakati wowote?"

"Usimpigie Eugene," akasema. Nadhani ulikuwa utani. Kwa mtu huyu ni vigumu kujua.

Boila itawashwa asubuhi. Mtoto wa Metrine alienda nyumbani jana, na kitanda kile kimepata mama mwingine. Zacheus amekwisha kuondoka, nimesikia pikapu yake ikiteremka kuelekea barabarani. Nimenyoosha mkono na kupitisha ukucha kati ya zile nusu mbili. Haukupita. Nikageuka upande wa pili wa kiungo, kwa shida, nikapitisha tena. Huko pia chuma kimegusa chuma.